Uvundo wa Jaa na Uwanja wa Mboji Nairobi: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Lalamiko la jirani huwa na neno moja tu: kunanuka. Neno hilo halimpi fundi pa kuanzia. Anachohitaji ni kujua harufu ni ya aina gani, ilisikika saa ngapi na upepo ulikuwa ukitoka wapi. Mwenye majibu hayo matatu mara nyingi huwa ameshakijua chanzo kabla hajavaa buti. Asiyekuwa nayo huishia kununua manukato ya kupuliza, na baada ya wiki mbili mtaa unalalamika kwamba sasa kunanuka taka na maua.

Maelezo haya ni ya wanaoendesha majaa, viwanja vya mboji na mabanda ya kupokelea taka Nairobi na viunga vyake. Matatizo mengi yaliyomo yana mzizi mmoja: maji yamekaa mahali palipopaswa kuwa na hewa. Kabla ya kuagiza mtambo wowote, tafuta maji.

## Harufu yenyewe inasema nini

Mayai viza ni haidrojeni salfaidi, gesi inayotoka pale vijidudu visivyohitaji hewa vinapokula salfa. Siki ni uchachu wa taka mbichi iliyokosa hewa, na ukikomaa hunuka siagi iliyochacha au matapishi. Harufu ya mkojo inayochoma macho ni amonia. Kabichi iliyooza iliyochanganyika na kitunguu saumu ni merkaptani na jamaa zake wa salfa. Shombo la samaki ni amini, na mara nyingi huja na mabaki ya vichinjio au ya samaki. Plastiki iliyoungua ni moto, hata kama huoni moshi. Ukisikia harufu ya udongo ulionyeshewa, hapo pako salama, usipaguse.

Usimtegemee anayeshinda humo kutwa, maana pua yake imeshazoea. Mpeleke mtu ambaye hajaingia uwanjani siku hiyo, azunguke mpaka wa nje kwanza, kisha ndani.

Haidrojeni salfaidi ina hila yake. Pua huinasa ikiwa chini sana ya sehemu moja kwa milioni ya hewa, kwa hiyo uvundo mkali si lazima uwe hatari. Ikifika kama sehemu 100 kwa milioni, pua hufa ganzi. Harufu ikikatika ghafla ukiwa umesimama pale pale kando ya shimo, usishukuru, toka. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hukaa kwenye mitaro, mashimo ya kukagulia na vyumba vya pampu. Vaeni kipima gesi chenye kengele ya sehemu 10 kwa milioni, mwende wawili, na aliye nje asiingie kumwokoa mwenzake bila kifaa cha kupumulia. Maiti ya pili kwenye shimo la namna hii kwa kawaida ni ya mwokoaji.

## Saa na upepo

Mchana upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka mashariki na kaskazini-mashariki, hivyo uvundo husukumwa magharibi. Usiku mambo hugeuka. Anga likiwa wazi, hasa Januari na Februari, ardhi hupoa upesi na hewa baridi hutambaa mabondeni kama maji. Mto Nairobi unateremka kuelekea mashariki, na uvundo wa usiku huufuata. Ndiyo maana uwanja mmoja hulalamikiwa na mtaa wa magharibi saa nane mchana na mtaa wa mashariki saa kumi na moja alfajiri, watu wakadhani kuna vyanzo viwili.

Lalamiko la alfajiri karibu kila mara linatoka kwenye kitu kinachonuka saa zote: bwawa la maji meusi, tuta lisilofunikwa, au gesi inayopenya kwenye kifuniko cha jaa. Mchana uvundo huo huo hupaa na kuchanganyika na hewa; alfajiri tabaka la hewa baridi huubana chini. Lalamiko la mchana linatokana na kazi: kugeuza matuta, kumwaga lori, kuwasha pampu. Weka daftari lenye saa, aina ya harufu, upepo na kazi iliyokuwa ikifanyika. Utepe mwepesi kwenye mlingoti wa mita tatu au nne, mbali na majengo, unatosha kuonyesha upepo. Baada ya mwezi daftari litakuwa na thamani kuliko ripoti ya mshauri.

Matuta yageuzwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Anayegeuza saa kumi na mbili asubuhi ili akwepe jua anawapelekea majirani kifungua kinywa.

## Tuta linanuka siki na halipati moto

Hili ndilo tatizo kuu la viwanja vya mboji jijini. Taka ya soko, yaani kabichi, mashina ya ndizi, sukuma wiki iliyonyauka na nyanya zilizopasuka, ina maji asilimia 85 hivi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na nyingine, na pale inapofuatwa kweli, shehena huja bila makaratasi na maboksi ambayo zamani yalinyonya maji hayo. Utenganishaji ni jambo jema, lakini kazi ya kukausha imehamia kwako.

Anza na jaribio la ngumi. Chota kiganja cha taka kutoka ndani ya tuta, sentimita 50 kutoka juu, ukaminye kwa nguvu. Tone moja au mawili kati ya vidole ni sawa, kama asilimia 55 hadi 60 ya maji. Yakitiririka, tuta limezama. Kikiachana kama vumbi, limekauka.

Kisha ndoo. Chukua ndoo ya lita 20 uliyoipima ikiwa tupu. Jaza theluthi moja, iangushe mara kumi kutoka sentimita 15. Ongeza theluthi ya pili, iangushe tena mara kumi. Jaza hadi ukingoni, rudia, kisha ongeza ijae bila kuigonga. Mzigo ukizidi kilo 12, sawa na kilo 600 kwa mita moja ya ujazo, nafasi za hewa zimezibwa. Hapo kugeuza hakutasaidia kwa zaidi ya saa chache.

Dawa yake ni kitu kikavu kilicho kigumu, na kinahitajika kingi kuliko wengi wanavyokisia. Tani moja ya taka ya soko yenye maji asilimia 85 ina kilo 850 za maji. Ukiongeza maranda na vipande vya mbao vyenye maji asilimia 15 ili mchanganyiko ushuke hadi asilimia 60, utahitaji kilo 556. Ukiridhika na asilimia 65, ni kilo 400. Kwa macho, kila ujazo mmoja wa taka unataka mara mbili yake au zaidi ya vikavu, kwa kuwa maranda ni mepesi. Uwanja usio na rundo la vikavu la kutosha wiki mbili kabla ya mvua za Machi utanuka Aprili, hata ukiwa na mashine ya milioni ngapi.

Mtu mwenye kitabu atakuambia kwamba mbao zote hizo zinazidisha kaboni, maana lengo ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini vipande vya sentimita tatu au nne haviozi upesi. Vinakaa kama nguzo za nyumba, na ukichekecha mwishoni unavirudisha kwenye tuta jipya. Chenga hizo za chekecheke ni bora kuliko maranda mapya, kwani zimeshabeba vijidudu vinavyohitajika. Mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa yanafaa kuongezea. Vumbi la msumeno halifai, linageuka uji. Mabaki ya mafundi wa fanicha yachambuliwe: mbao za kubandikwa kwa gundi na nguzo zilizotiwa dawa zisiingie, kwa kuwa sumu zake zitaishia kwenye mboji.

Tuta lililokwisha kuchacha lirekebishwe hivi. Tandaza vikavu unene wa sentimita 30 pembeni mwake, limwage juu yake kidogo kidogo huku ukichanganya, ongeza mboji iliyokomaa kiasi cha sehemu moja kwa kumi, na ujenge tuta jipya lenye kimo kisichozidi mita 1.5 na upana wa mita 3. Lifunike mara moja kwa blanketi ya mboji iliyokomaa, sentimita 15 hadi 20. Vijidudu vilivyomo hula sehemu kubwa ya harufu kabla haijatoka. Fungua tuta bovu moja tu kwa siku, mchana. Likipita nyuzi 50 ndani ya siku tatu au nne, umelipata. Likikwama kwenye 40 na harufu ya siki ikabaki, rudia ndoo. Nadra sana kosa kuwa mahali pengine.

Turubai la plastiki lililobanwa pande zote wakati wa mvua huzuia maji ya juu lakini hunyima hewa, na tatizo linarudi kupitia mlango wa nyuma. Tumia kitambaa kinachopumua, au paa. Matuta yalale kufuata mteremko, si kuukata, ili maji ya mvua yapite kati yake. Mteremko wa asilimia 2 hadi 4 unatosha.

## Tuta ni la moto lakini linachoma macho

Amonia. Naitrojeni imezidi, na kwa kawaida imetoka kwenye mavi ya kuku au kwenye damu na uchafu wa matumbo kutoka vichinjioni, kama vile vya Kiamaiko na Dagoretti. Joto likipita nyuzi 65 na tuta likiwa si chachu tena, yaani pH (kipimo cha uchachu; 7 ni katikati) juu ya 8, amonia hupaa kwa wingi. Weka kaboni inayolika haraka: majani makavu, mabua, maboksi yaliyochanwa. Maganda ya mpunga kutoka Mwea huleta nafasi ya hewa lakini hayanasi naitrojeni kwa haraka, kwa hiyo usiyahesabu kama kaboni. Majivu na chokaa ni marufuku hapa, yanapandisha pH na kuifukuza amonia yote hewani. Punguza kimo cha tuta lishuke joto, na usiligeuze bila sababu. Kila kugeuza ni kufungua chupa.

Damu isipokelewe ikiwa majimaji matupu. Imwagwe juu ya kitanda cha vikavu, ifunikwe saa hiyo hiyo.

## Mayai viza yanatoka tu wakati wa kugeuza

Nje tuta ni zima, katikati limekufa. Pima oksijeni kwa fimbo ya kuchomeka. Juu ya asilimia 10 ni vizuri, chini ya 5 kiini kimekosa hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo vipima vingine vilivyorekebishwa pwani husoma kama 17 kwenye hewa safi ya hapa, na fundi anaanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo. Kirekebishe kwenye hewa safi ya uwanja wako kisome 20.9 kabla ya kuanza.

Wimbi hilo la mwinuko linawapiga pia wenye matuta ya kupulizwa kwa feni. Uzito wa hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ule wa usawa wa bahari. Feni iliyoandikwa paskali 1,000 kwenye karatasi ya kiwanda itakupa kama 820, na hewa ikisukumwa kwa nguvu pungufu haifiki katikati. Ukiagiza feni, mtajie muuzaji mwinuko. Kama feni ilichaguliwa vyema na bado katikati pamekufa, fungua ncha ya bomba la chini: mara nyingi limejaa maji meusi, na matundu yamezibwa na uji. Kila bomba liwe na sehemu ya kuchuruzishia maji kwenye ncha ya chini, na liwe na mfuniko unaoweza kufunguliwa bila kubomoa tuta.

## Bwawa la maji meusi linatoa mapovu

Maji yanayochuruzika kutoka kwenye taka yana mzigo mkubwa wa uchafu kuliko majitaka ya nyumbani. Yakikaa siku kadhaa bila hewa, salfa iliyomo inageuka haidrojeni salfaidi. Kwanza yapunguze: mfereji wa kuzuia maji ya mvua yasiingie kwenye taka una faida kuliko pampu yoyote ya bwawani.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuwasha ghafla mtambo wa kupuliza hewa kwenye bwawa lililokufa. Saa za mwanzo hewa haitibu, inachokoa tu gesi iliyoyeyuka na kuirusha mtaani. Anza kwa muda mfupi mchana, dakika kumi kwa saa, ukiongeza siku hadi siku, mpaka oksijeni iliyoyeyuka ibaki miligramu 1 hadi 2 kwa lita. La pili ni kumwaga chokaa nyingi. pH ikipanda juu ya 8 salfaidi hubaki majini na mayai viza yanapungua, lakini ikipita 9 amonia ndiyo inayopaa. Umeruka majivu ukakanyaga moto.

Kisaidizi cha muda ni nitrati ya kalsiamu, ile inayotumiwa na wakulima wa nyanya na maua: vijidudu huchukua oksijeni ya nitrati badala ya salfa. Usichanganye na CAN, mbolea ya kalsiamu na amonia nitrati, ambayo ina amonia ndani yake. Chumvi ya chuma, kama feriki kloraidi, hunasa salfaidi na kuigeuza mashapo meusi yanayozama; lakini huteremsha pH, na pH ikishuka salfaidi iliyobaki hutoka kama gesi. Jaribu kila dawa kwenye ndoo ya lita 20 kwanza, mahali penye upepo.

## Jaa lenyewe

Dandora lilifunguliwa 1975 kwenye machimbo ya zamani ya mawe, na 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Taka bado zinapelekwa. Rundo la namna hiyo, lisilo na sakafu ya kuzuia maji wala mabomba ya gesi, halirekebishwi kwa hila za ukurasa mmoja. Hata hivyo dalili zake ni zile zile za majaa madogo, na baadhi zinatibika kwa udongo na nidhamu.

Uvundo unaosambaa jioni kutoka mahali pa kumwagia una maana kwamba uso ulio wazi ni mpana mno. Malori yaelekezwe kwenye sehemu moja nyembamba, taka ishindiliwe, na ifunikwe kwa sentimita 15 za udongo kila jioni. Sehemu isiyorudiwa kwa miezi ipate sentimita 30.

Aina ya udongo ndiyo inayosahaulika. Upande wa mashariki wa jiji, kuanzia Embakasi hadi Ruai, udongo ni ule mweusi wa mfinyanzi unaonata. Ukiwa na unyevu huziba vizuri sana. Kiangazi cha Januari na Februari hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na gesi yote ya jaa hutokea humo. Wasimamizi hushangaa kwamba kifuniko kilichokuwa kizuri Novemba kinanuka Februari. Changanya na murram, au juu yake weka sentimita 30 za mboji iliyochekechwa. Hushika unyevu, huzuia nyufa, na vijidudu vyake hula methani na sehemu ya harufu. Alfajiri ya baridi tembea juu ya kifuniko: mvuke unaofuka kwenye mistari ni ramani ya nyufa ambayo hukulipia.

Mayai viza makali mahali pamoja, hasa baada ya mvua, yanaelekeza kwenye jipsamu. Bodi za dari na vumbi la plasta ya jipsamu zina salfa nyingi. Zikilowa kando ya taka inayooza, vijidudu hupata karamu. Zitengewe sehemu kavu, zisichanganywe kamwe na taka za jikoni.

Kwenye jaa lenye visima vya gesi, kisima kilichoacha kutoa huku uvundo ukiongezeka kuzunguka kwake kimejaa maji, au bomba la mlalo limebonyea kwa sababu taka imetitia na maji yamekaa kwenye bonde. Sikiliza: bomba hugugumia na kipimo cha shinikizo hucheza. Linyanyue lipate mteremko wa angalau asilimia 3. Usijaribu kufidia kwa kuongeza mvuto wa feni. Ukivuta kupita kiasi unaingiza hewa ndani ya taka. Oksijeni kwenye kichwa cha kisima ikipita asilimia 5, au joto likipita nyuzi 55, punguza mvuto mara moja, kwa maana dalili inayofuata ni moto.

Moto wa chini kwa chini hujulikana kwa harufu ya plastiki, uso uliozama ghafla na kaboni monoksidi inayopita sehemu 1,000 kwa milioni ndani ya gesi. Maji ya bomba la zimamoto hupita kwenye njia zake, hayafiki kwenye kaa, na yanakuachia mchuruziko mpya. Kinachozima ni kunyima hewa kwa udongo mnene, au kuchimba kwa mashine, kutandaza mabaki na kuyapoza. Asikanyage mtu penye mbonyeo, chini yake huenda ni tupu.

## Banda lina kichujio hai na bado linanuka

Kichujio hai ni kitanda cha vipande vya mbao na mboji ambamo hewa chafu husukumwa kutoka chini ili vijidudu viile harufu. Ni mtambo wa bei ndogo na unatosha kwa mengi, ila mjengaji akishaondoka hakuna anayeulisha wala kuunywesha.

Jiulize kwanza kama hewa inafika huko. Shika kipande cha karatasi ya chooni mlangoni mwa banda: kinapaswa kuvutwa ndani. Kikipeperuka nje, banda linavuja na kichujio hakina hatia. Milango iliyoachwa wazi ndiyo sababu ya kwanza. Sababu ya pili inashangaza wengi: feni inazunguka kinyume. Umeme wa nyaya tatu ukiguswa na fundi na nyaya mbili zikabadilishana, mota hugeuka. Feni ya aina ya ngoma ikizunguka kinyume huendelea kusukuma hewa mbele, lakini kidogo sana, kwa hiyo kelele ipo, upepo kidogo upo, na hakuna anayeshtuka. Linganisha na mshale uliochorwa kwenye ganda lake kila umeme unaporudi baada ya matengenezo.

Ukubwa ni hesabu rahisi. Banda la mita 600 za ujazo likibadilishwa hewa mara 6 kwa saa linatoa mita 3,600 za ujazo kwa saa. Kwa mzigo wa mita 60 za ujazo kwa saa kwa kila mita ya mraba ya kitanda, kitanda kiwe mita 60 za mraba. Kikiwa na kina cha mita 1.2, hewa hukaa ndani yake sekunde 72 kama kingekuwa kitupu. Ukishuka chini ya sekunde 30 kwa hewa ya taka, usitegemee miujiza.

Shinikizo lipimwe kwa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliokunjwa kama herufi U na kutiwa maji. Ncha moja kwenye bomba la kuingilia, nyingine wazi. Kila milimita ya tofauti ni kama paskali 10. Kitanda kipya kitaonyesha milimita 30 hadi 60. Kikipita 150, mbao zimeoza zikashikamana, au maji ya mvua yamejaa chini. Angalia mifereji ya chini kabla ya kuanza kuchimbua. Kikishuka chini ya ilivyokuwa huku uvundo ukiongezeka, hewa imepata njia ya mkato, na mara nyingi ni kwenye kingo, pale mbao zilipokauka na kuachana na ukuta. Asubuhi za Julai, joto likiwa nyuzi kumi na kitu, hewa yenye unyevu inayotoka kwenye kitanda huonekana kama ukungu. Ukitoka mbubujiko mahali pamoja na kwingine hakuna ukungu, umeiona njia ya mkato bila kununua kopo la moshi. Chimbua hapo sentimita 60, lowesha, changanya, rudisha.

Unyevu wa kitanda uwe asilimia 40 hadi 65. Kunyunyizia juu peke yake hakutoshi, kwa sababu ukavu huanzia chini, hewa inakoingilia. Lazima hewa ilowanishwe kabla ya kuingia, kwa manyunyu ndani ya bomba. Kitanda kinachovumbika kinapochimbwa nusu mita kimekufa kiu hata kama juu kuna uyoga.

pH nayo: chukua gramu 50 za mbao kutoka chini, changanya na mililita 100 za maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri (si asidi ya betri, soma lebo), subiri nusu saa, upime. Kati ya 6 na 8 ni sawa. Chini ya 4 ina maana kwamba salfaidi imekuwa asidi ya salfuriki ndani ya kitanda. Kioshe kwa maji mengi mpaka maji ya kutoka yapande pH, kisha changanya kokoto ndogo za mawe ya chokaa. Unga wa chokaa utaziba. Mbao za chini zikiwa laini kama sabuni, badilisha zote. Kwa kawaida kitanda huishi miaka mitatu hadi mitano.

Hewa yenye amonia kali ioshwe kwanza kwenye mnara wa maji yenye asidi, la sivyo chumvi zitawaua vijidudu. Kama kuna mnara mwingine wa klorini kwa ajili ya salfa, matangi yake na ya asidi yakae mbalimbali na mifereji yao isikutane. Asidi ikigusa klorini hutoa gesi inayoua.

Kitanda kipya, au kilichobadilishwa mbao, huhitaji wiki mbili hadi sita vijidudu vizoee. Umeme ukikatika saa chache hakuna neno. Ukikatika siku tatu, washa feni kwa mwendo mdogo kwanza.

## Manukato na dawa za vijidudu

Vinyunyizi vya ukingoni vina kazi moja halali: siku mnapofungua tuta bovu au kuhamisha taka ya zamani. Vikiendeshwa kila siku ni ushahidi kwamba chanzo hakijaguswa. Dawa za vijidudu za chupa hazina ubaya, lakini mboji yako iliyokomaa imejaa vijidudu vile vile, bure.

## Vipimo vyote ni safi na jirani bado analalamika

Anzia kwa jirani, si kwako. Simama mlangoni pake saa anayoitaja na utembee kuufuata upepo unakotoka. Utapita mitaro ya majitaka, kingo za mto, pengine kichinjio, na huenda uvundo ukaishia hapo. Ukiendelea hadi langoni kwako, tazama barabara kabla ya kuingia. Matone meusi kwenye lami, mazito zaidi pale malori yanaposimama foleni kusubiri mizani, yanatoka kwenye milango ya nyuma ya malori iliyopoteza mpira wa kuzibia. Pima mpira huo kwa kila lori, rudisha linalovuja, na osha lami ya foleni kila jioni kwa maji yanayoingia kwenye mfereji wako, si wa barabara.